Vitambaa vya suti na makabuti ya mtindo wa zamani: uzito gani unafaa Kisumu, Nakuru na Molo

Suti nyingi za mtindo wa zamani zinazoshonwa Nakuru na Kisumu huharibikia kwenye duka la vitambaa, kabla mkasi haujatoka. Mteja analeta picha ya miaka ya 1930: lapeli (kola iliyokunjwa kifuani) pana, suruali ya kiuno cha juu, marinda mawili kila upande, tanapu (pindo lililogeuzwa nje) chini. Fundi mzuri anaiweza. Lakini akipewa polista ya gramu 240, nyepesi kama bitana, kitakachotoka ni suti ya leo iliyokosewa vipimo. Lapeli zinalegea, marinda yanafumuka, na suruali inanasa kwenye mashavu ya miguu mtu akitembea. Fundi analaumiwa, na kosa si lake.

Mapitio haya ni ya vitambaa vinavyopatikana katika maduka na mitumba ya ukanda huu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, na yanavipima kwa uzito kwanza. Rangi na bei kila mnunuzi anajua kuuliza. Uzito hauulizwi, na ndio unaoamua kama mtindo wenyewe utasimama.

Suti ya kawaida ya Uingereza ya miaka ya 1930 ilishonwa kwa kitambaa cha aunsi 13 hadi 18 kwa yadi, sawa na gramu 400 hadi 560 kwa mita. Leo suti nyingi za dukani huko huko ni gramu 250 hadi 300. Ukataji wa wakati ule ulitegemea uzito huo. Frederick Scholte, fundi wa London aliyemshonea Mwana wa Mfalme ambaye baadaye aliitwa Duke of Windsor, aliacha ziada ya kitambaa kifuani na mgongoni ili koti lianguke kwa mikunjo laini ya wima. Ziada hiyo ikiwa ya kitambaa kizito, huvutwa chini na uzito wake na kutulia. Ikiwa ya kitambaa chepesi hubaki imefura, na mtu anaonekana amevaa koti la kuazima.

Kilichopunguza uzito wa suti za Ulaya ni joto la ndani, nyumba zilipoanza kupashwa kwa mabomba na magari kuwekwa hita. Kwetu hilo halikutokea. Nyumba ya Molo au Timboroa haina hita, na alfajiri sebule yake ni baridi karibu sawa na uani. Ndiyo maana gramu 450 ambazo mtu wa London wa leo ataziona nyingi mno, Molo zinavaliwa siku nzima bila shida. Kisumu ni habari nyingine kabisa. Mji uko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana joto hufika nyuzi 29 au 30, na unyevu wa ziwa unakuwapo mwaka mzima. Mtu anayetoka Nakuru asubuhi kwa matatu kupitia Mau Summit na Kericho hadi Ahero anapita hali tatu za hewa kabla ya chakula cha mchana, na suti yake ni ile ile moja.

Gramu zipi hasa?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna gramu za mita moja ya jora, ambalo kwa kawaida lina upana wa sentimita 150, na kuna gramu za mita mraba. Kitambaa cha gramu 340 kwa mita ya jora ni gramu 227 tu kwa mita mraba. Mtu aliyeambiwa atafute 280 akanunua 280 ya mita mraba, amenunua gramu 420 kwa mita: suti ya Molo, na harusi yake iko Kisumu. Gramu zote katika mapitio haya ni za mita ya jora lenye upana wa sentimita 150. Ukikutana na aunsi za kitabu cha sampuli cha Uingereza, zidisha kwa 31.

Muuzaji asipojua uzito, kuna njia mbili za kuupata papo hapo. Ya kwanza ni kukata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kukipima kwenye mizani ndogo ya sonara, na kuzidisha kwa 150. Kipande cha gramu 2.3 ni kitambaa cha gramu 345 kwa mita. Ya pili haihitaji kukata chochote cha ziada: pima furushi zima la mita zako kwenye mizani ya duka la nafaka au ya sukari, ugawe kwa mita. Mita 3.5 zikiwa na gramu 770, umeuziwa 220. Zikiwa na kilo moja na gramu 190, una 340 mkononi.

Usidanganywe na namba za Super 100, 120 au 150 zilizochapwa kwenye ukingo wa jora. Hizo zinaeleza wembamba wa unyoya wa sufu, hazisemi lolote kuhusu uzito. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la sufu, IWTO, jina hilo ni la kitambaa cha sufu halisi, ilhali majora mengi yenye chapa hiyo huku ni polista. Chomoa uzi mmoja wa mtande (wa urefu wa jora) na mmoja wa mshindio (wa upana), uuchome kila mmoja peke yake. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka kwa vidole. Polista huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Viskosi, uzi unaotengenezwa kwa massa ya miti, huwaka haraka na kunuka karatasi. Uzi ukitoa harufu ya nywele na tone gumu kwa pamoja, ni mchanganyiko. Na hata sufu halisi ikiwa Super 150, kwa mtindo huu si chaguo letu: ni laini mno, hukunjamana, na kwa kawaida hufumwa nyepesi.

Vitambaa vyenyewe

Polista tupu ya gramu 220 hadi 260, ile inayong'aa kidogo na kuuzwa kama kitambaa cha suti za harusi, tunaikataa moja kwa moja kwa kazi hii. Haipumui, haikubali kuumbwa kwa pasi, na mishono yake mirefu hukunyata hata kwa fundi makini. Pia polista yenyewe ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, kwa hiyo mng'ao wake hauwezi kuwa wa suti ya 1935 hata ukatwe vipi.

Mchanganyiko wa polista na viskosi, kwa kawaida asilimia 65 kwa 35, ni jambo tofauti na unastahili heshima kuliko unayopewa. Majora mazuri hufika gramu 300 hadi 350, na viskosi huufanya uanguke vizuri. Suruali pana yenye tanapu hutoka safi. Nakuru unafaa kwa suti ya kazini. Kasoro zake ziko mbili. Jasho halinyonywi vya kutosha, kwa hiyo Kisumu mchana utaumia hata kama uzito uko sawa. Na viwiko na makalio huanza kung'aa mapema, hasa suti ikipigwa pasi moja kwa moja bila kitambaa juu. Kama bajeti ni ndogo, nunua huu wa gramu 330 badala ya sufu hafifu ya gramu 240.

Sufu na polista, takriban nusu kwa nusu, gramu 270 hadi 300: kitambaa cha ofisini, kinadumu, hakikunjamani ndani ya matatu. Hakina roho ya zamani, lakini hakiaibishi.

Kwa Kisumu, Siaya, Busia na Homa Bay, kitambaa tunachokipa alama za juu kuliko vyote ni sufu iliyosokotwa sana na kufumwa wazi, gramu 270 hadi 310. Nyuzi mbili au tatu husokotwa pamoja kwa nguvu mpaka ziwe kavu na zenye kurudi, kisha hufumwa kwa mfumo wa kawaida wenye matundu madogo. Ukikiinua kitambaa mwangani unaona nukta za nuru. Ukikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi inatokea upande wa pili na kugusa kiganja. Jaribio hili la pumzi lina maana zaidi kuliko gramu zenyewe kwenye joto: sufu wazi ya gramu 310 ni baridi kuliko polista iliyobana ya gramu 230. Na kwa kuwa uzi una nguvu ya kurudi, lapeli inasimama na suruali inashika alama ya pasi, ingawa uzito si wa 1930. Mtu anayekaa chini ya hema la mazishi Jumamosi kuanzia saa nne hadi alasiri atajua tofauti. Kitambaa hiki hukwaruza mapaja, kwa hiyo mwambie fundi atie bitana mbele ya suruali mpaka chini kidogo ya goti. Tatizo kubwa ni upatikanaji: mara nyingi huagizwa, na bei yake ni ya sufu halisi.

Kitani ni mbadala mzuri wa ziwani, mradi kiwe kizito. Hapa wengi hukosea kwa kudhani joto linataka kitani chepesi. Cha gramu 200 hujaa mikunjo midogo midogo kabla hujafika kanisani. Cha gramu 320 hadi 380 hukunjika kwa mawimbi mapana, na mawimbi hayo ndiyo sura halisi ya suti za kitani za zamani. Kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana kitapungua.

Pamba nzito ya dirili, gramu 380 hadi 420, hutoa suti ya mchana inayopendeza kwa rangi ya kaki au kahawia. Eldoret kuna kiwanda cha Rivatex, kilichozinduliwa upya 2019 ili kifume pamba ya humu nchini, na inafaa kuulizia majora yake kabla ya kukimbilia ya kuagizwa. Ila pamba haina kurudi kwa sufu: magoti hutokeza na viwiko hujikunja moja kwa moja. Marinda yawe moja kila upande, yasiwe mawili.

Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, asubuhi ni nyuzi 10 hadi 12 na mchana 25 au 26, na hapo ndipo mtindo wa zamani unakaa vizuri kuliko mahali pengine pote katika ukanda huu. Chagua sufu laini ya mfumo wa mshazari, gramu 340 hadi 370. Ni nzito vya kutosha kwa koti la safu mbili za vifungo, na hewa ya Nakuru haina unyevu mwingi wa kukutesa mchana. Hiki tungekinunua kabla ya kingine chochote kwa suti moja ya maisha. Flaneli ya gramu 370 hadi 400 ni nzuri kwa macho kuliko zote, ina ukungu wa manyoya mafupi unaozima mng'ao, na suruali pana ya flaneli ya kijivu ni ya zamani bila kujitangaza. Ila ni ya joto. Ipeleke Eldoret, Kericho, Molo au Nyahururu. Nakuru mjini ishone suruali peke yake, koti liwe la kitambaa kingine. Usivae suruali ile ile siku mbili mfululizo, maana flaneli inahitaji siku ya kupumzika magoti yarudi.

Twidi, sufu nene ya kukwaruza, ya gramu 450 hadi 550 ni ya koti pekee, milimani.

Kabuti

Kabuti la kweli la zamani lilianzia aunsi 22 na kupanda, gramu 680 hadi karibu 1,000. Hakuna mji wa ukanda huu unaohitaji hiyo ya mwisho. Kwa Molo, Timboroa na Eldoret usiku, gramu 560 hadi 650 zinatosha kabisa. Kwa Nakuru na Kericho shuka hadi 450 au 500. Chini ya 450, kabuti la kufika chini ya goti hupeperuka na ukosi wake haulali. Hilo tayari ni koti la mvua.

Meltoni ndiyo ya kwanza. Ni sufu iliyoshindiliwa mpaka ufumaji usionekane. Manyunyu hubaki juu kwa muda, na sufu yenyewe huweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla ya kuhisiwa imelowa. Kwa mvua za alasiri za Kericho hilo si jambo dogo. Ukingo wake haufumuki, kwa hiyo hata fundi asiye na mashine ya kuziba kingo anaushona vizuri. Kovati, kitambaa cha mshazari kilichobana cha gramu 430 hadi 590 (kwa kabuti chukua 450 kwenda juu), ni chepesi zaidi na kigumu kwa matumizi ya kila siku; hiki ndicho cha mtu wa Nakuru anayesafiri mara kwa mara hadi Kisumu, kwa sababu kinabebeka mkononi ukishuka Ahero. Gabadini ya Thomas Burberry, aliyoibuni 1879, ilizuia maji kwa uzi uliotiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa, kisha ukafumwa kwa kubana. Ile inayouzwa kwa jina hilo kwenye maduka mengi ya huku ni polista nyembamba. Ni nzuri kwa sare za shule, lakini kabuti lake halina anguko.

Kipimo cha kitambaa, jora la sentimita 150, mwanaume wa urefu wa wastani: suti ya vipande viwili mita 3.2 hadi 3.5, na ukitaka kizibao ongeza sentimita 70. Suruali ya marinda mawili na tanapu ya sentimita 4 hadi 5 inakula sentimita 25 zaidi ya suruali nyembamba. Michoro ya miraba inahitaji ziada ya asilimia 10 hadi 15 ili ilingane mabegani na mifukoni. Kabuti la safu moja ya vifungo ni mita 3, la safu mbili linalofika chini ya goti mita 3.5, na likiwa na mkanda na mikono iliyopinduliwa karibu 4.

Yanayoharibika kwenye cherehani

Uzito ukibadilika, kila kitu ndani ya koti kibadilike nao. Kitambaa cha gramu 280 kikishonwa kwa sindano namba 16 na uzi uliokazwa, mshono hukunyata, na pasi haitauondoa. Tumia namba 11 au 12, mshono wa milimita 2.5, legeza mkazo wa uzi. Meltoni inataka namba 16 au 18 na milimita 3 hadi 3.5, na tabaka za ndani ya mshono zikatwe kwa ngazi, moja fupi kuliko nyingine, la sivyo ukingo wa lapeli unakuwa mnene. Ukishapiga mvuke, kandamiza mshono kwa kibao cha mti mkavu mpaka upoe. Mshono ukiachwa upoe wenyewe hufura tena.

Kifuani, kati ya kitambaa na bitana, kanvasi yenye singa za farasi ndiyo inayofaa, ishikizwe kwa mkono. Vilini, kitambaa cha kukazia chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi, hufanya kazi kwenye mchanganyiko wa polista, lakini kwenye sufu nzito huja kutoa mapovu baada ya kuoshwa mara chache, kwa sababu pasi ya mkono haitoi joto na mgandamizo sawa kila mahali. Ukilazimika kuitumia, usiisukume pasi. Ikandamize sekunde 12 hadi 15, inua, hamia pembeni, na kiache kipande kipoe kabla ya kukigusa.

Sufu yoyote ilazwe kwenye shuka la marikani lililolowa na kukamuliwa, ikunjwe usiku kucha, kisha ikaushwe kwa kutandazwa kivulini kabla ya kukatwa. Fundi akiruka hatua hii, koti litapungua kwenye mvua ya kwanza na bitana itaanza kuchungulia chini ya pindo. Bitana yenyewe iwe ya viskosi. Bitana ya polista ndani ya sufu wazi inaua kazi yote ya kitambaa. Kisumu koti liwekewe bitana mabegani na mikononi tu, mishono ya ndani izibwe kwa utepe.

Mitumba

Kwa kabuti, mitumba inashinda duka. Meltoni nzito ya Ulaya haipatikani kirahisi kwa jora, lakini Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, huletwa ikiwa imeshashonwa, na kwa kuwa Kisumu hakuna anayeihitaji, watu wa Nakuru na Eldoret wanaweza kujadiliana bei bila pressha. Kabuti la mwanaume lenye uzito wa kilo 1.8 hadi 2.5 liko kwenye kiwango. Chini ya kilo 1.4 ni polista au ni fupi mno. Lishike kuelekea jua uangalie matundu ya nondo kwapani na chini ya ukosi, mahali ambapo jasho huwavutia. Mikono hupunguzwa sentimita 3 au 4 bila kugusa vifungo, ubavuni hutolewa sentimita 4 hadi 6. Mabega hayarekebishiki kwa bei inayoeleweka, kwa hiyo yasipokaa sawa, rudisha kabuti kwenye rundo. Ukilinunua, lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uliweke kwenye friza wiki mbili kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, mayai ya nondo yafe, kabla hujalitundika kabati moja na suti za sufu.